Ng'ombe wa Rungwe hana kosa

Nimechoka na ng'ombe kusingiziwa. Mtu akikutwa na kalsiamu iliyopanda kwenye damu, ushauri wa kwanza ni uleule, autoe shangazi au autoe aliyevaa koti jeupe: acha maziwa. Kwa Rungwe, mkoani Mbeya, ambako maziwa ndiyo chai, uji na ada ya shule, ushauri huo una gharama.

Safari hii ilikuwa zamu ya mama mmoja wa Tukuyu. Kalsiamu milimoli 2.93 kwa lita, wakati mwisho wetu wa juu ni kama 2.6. Mawe ya figo yanajirudia, choo kigumu, mifupa inauma. Maziwa alishaacha, dagaa naye kaacha, na jirani kamshauri afidie kwa mchicha mwingi. "Dokta, nakunywa chai ya rangi tu siku hizi, na bado inapanda." Itapanda, mama.

Kalsiamu ya damu haifuati sahani. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Hicho kidogo kinachozunguka kwenye damu kinalindwa na tezi za parathairoidi, kwa kawaida nne, zenye miligramu 30 hadi 50 kila moja, zimejibanza shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi. Kikishuka kidogo, zinamwaga homoni yao, PTH: mfupa unaachia kalsiamu, figo zinaizuia isipotee na kutoa fosfeti, vitamini D inaamshwa ili utumbo unyonye zaidi. Kikipanda, tezi zinanyamaza. Mwenye tezi nzima akinywa mtindi lita nzima, mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo kalsiamu ikikaa juu wiki baada ya wiki, tafuta anayeisukuma.

Mara nyingi ni tezi moja iliyokua na kuacha kusikia amri, au ni saratani. Baada ya hapo kuna kifua kikuu, dawa za presha za kundi la thayazaidi, na vidonge vya kalsiamu na vitamini D vinavyomezwa kama pipi. Hao wa vidonge ndio pekee ninaowagombeza kwa walichoweka mdomoni.

Na kwa mwenye mawe, kuacha maziwa ni kujiongezea balaa. Kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti, chumvi ya mimea inayojenga mawe, tumboni, zikatoka pamoja chooni. Ukiiondoa, oksaleti inaingia kwenye damu na kuishia kwenye mkojo. Mchicha nao umejaa oksaleti. Jirani alikuwa na nia njema.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Mama alikuwa ameshapimwa PTH: 52, na karatasi inasema kawaida ni 15 hadi 65. Hakuna nyota, hakuna alama, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu nyekundu "PTH nzuri". Nzuri kwa nani? Kwa kalsiamu ya 2.93, tezi zenye afya zingekuwa zimezima, na PTH ingekuwa imeshuka hadi chini kabisa ya safu au nje yake. Anayemimina maji kwenye ndoo iliyokwisha kufurika ana makosa hata akimimina polepole. Mashine inalinganisha kila namba na safu yake, haisomi mistari miwili kwa pamoja. Kusoma miwili ndiko tulikosomea. Kinyume chake, kalsiamu juu na PTH iliyozimika, ndicho kinachonifanya nianze kutafuta saratani siku hiyohiyo.

Tuwe wakweli pia kuhusu hiyo namba ya kwanza. Rudia kipimo kabla ya kumtisha mtu. Mpira ukifungwa mkononi muda mrefu, kalsiamu inapanda kwa uongo. Albumini, protini inayobeba kalsiamu kwenye damu, ikiwa chini, tunaongeza 0.02 kwa kila gramu moja kwa lita iliyopungua chini ya 40, na nakiri hesabu hiyo ni ya kukadiria. Kwa mgonjwa mahututi inapotosha. Kupima kalsiamu huru, isiyoshikwa na protini, ni bora, siku ambayo kemikali za kupimia zipo. Pima na ya mkojo, maana kuna familia zinazorithi kalsiamu ya juu isiyo na madhara, na kuwapasua shingo hao ni kuwaonea.

Upande wa kushuka nitaupitia haraka. Aliyetoka kupasuliwa goita, ambako tezi hizi zinaweza kuumizwa, midomo ikifa ganzi na vidole kuchomachoma, hana mapepo. Mfunge mkanda wa presha, upandishe juu ya presha yake, subiri dakika 3. Kifundo kikijikunja, gumba likaingia kiganjani na vidole vingine vikanyooka na kubanana, anahitaji kalsiamu ya mshipa, polepole, na magineziamu ipimwe. Maziwa hayataokoa huyo pia.

Kukosea upande si jambo geni. Mwaka 1925 huko Vienna, daktari mpasuaji Felix Mandl alikuwa na mgonjwa, kondakta wa tramu, ambaye mifupa yake ilikuwa inaoza. Alimpa kwanza dondoo ya parathairoidi, kisha akampandikizia tezi, akidhani homoni ndiyo imepungua. Hakuna kilichobadilika. Alipofungua shingo na kutoa uvimbe wa tezi, kalsiamu ikashuka.

Mama atapasuliwa shingo, tezi iliyokaidi itolewe. Kwa mawe na mifupa sina wasiwasi. Kwa uchovu alionao siahidi. Wengine hupona kabisa, wengine hurudi na uchovu wao uleule. Tarehe ya ultrasaundi anayo. Isipoonyesha kitu, ugonjwa haujafutika: utambuzi tumeshaufanya kwa damu, picha inamwonyesha mpasuaji pa kuanzia tu, na tezi nyingine hukutwa zimeshuka hadi kifuani. PTH nusu yake huisha kwenye damu ndani ya dakika chache, hivyo penye kipimo cha haraka unajua kama tezi mbaya imetoka, mgonjwa akiwa bado mezani. Pasipo nacho, mpasuaji anasubiri kalsiamu ya kesho yake asubuhi.