Jumamosi ya opera kwenye redio, ukiwa Mombasa

Jumamosi mimi sipokei mwanafunzi baada ya alasiri, na wanaonijua washazoea, manake hiyo ndo siku yangu ya redio. Nafundisha fidla hapa Mombasa, ya taarab na ya kusoma noti, na swali naloulizwa kila mara ni hili: mwalimu, hii opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, unaikaliaje masaa matatu na huoni kitu? Mimi nasema kutoona ndo faida yenyewe. Ukiondolewa nguo na mapazia unabaki na sauti za watu na okestra, na kwa mtu anayeanza hakuna darasa zuri kama hilo, tena la bure.

Tuanze na saa kwanza, hapa ndo wengi hupotea. Jambo kubwa la Jumamosi linatoka New York, jumba la Metropolitan Opera, wenyewe wanaliita Met. Katika msimu wao wa redio, kuanzia Disemba hivi mpaka watu wanapokaribia Juni, wanarusha opera nzima kila Jumamosi mchana, na hawakuanza jana, mfululizo huu ulifunguliwa siku ya Krismasi 1931 kwa opera ya Hänsel und Gretel. Mtangazaji wao wa kwanza, Milton Cross, alikaa na kazi hiyo mpaka alipofariki Januari 1975. Kawaida huanza saa saba mchana kwa saa za kule, kwetu inakuwa saa tatu usiku, lakini wakishasogeza saa zao mbele mwezi wa Machi inakuwa saa mbili, na zile opera ndefu sana huanza mapema zaidi, kwa hivyo angalia ratiba usije ukaingia sehemu ya pili ukadhani ndo mwanzo. Stesheni nyingi huipokea, WQXR ya New York ikiwa mojawapo.

Mchana kutwa kabla ya hapo kuna Ulaya: France Musique ya Paris, BR-Klassik ya Munich, BBC Radio 3 ya London. Asubuhi mimi napenda kwateti, yaani fidla mbili, viola na chelo, ndugu zao wakubwa, basi, kabla honi za tuktuk hazijazidi huko nje. Ukipata ya Haydn, mtunzi wa Austria, usimfuate yule anayepiga fidla ya kwanza, kila mtu humfuata huyo, we jaribu kuikamata fidla ya pili na uishikilie mpaka mwisho. Ni kazi ngumu, ila ukiiweza mara chache utaanza kusikia vyombo vyote vinne mbalimbali hata vikipiga pamoja, na hilo litakufaa sana jioni.

Bando pia wananiuliza. Strimu ya kilobiti 128 inakula kama MB 58 kwa saa, kwa hivyo opera ya masaa matatu na nusu pamoja na mapumziko ni MB 200 hivi. Ile ya ubora wa juu, kilobiti 320, inakula MB 144 kwa saa, yaani 500 na kitu usiku mmoja. Kwa kuwasikia waimbaji, ile ya 128 yatosha.

Mbona yatosha? Hapa nataka nikae kidogo. Mwimbaji wa opera haimbi na maikrofoni. Zile za redio zipo kwa ajili yetu sisi, mle ndani hazimuongezei kitu, na ukumbi wa Met unaingia watu kama 3,800, na mbele yake okestra nzima inapiga. Anasikikaje? Miaka ya 1970 mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha kwamba waimbaji waliofunzwa, hasa wanaume na wanawake wa sauti za chini, wanajua kulifinyanga koo mpaka nguvu nyingi ya sauti inakusanyika karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde. Okestra nguvu zake nyingi ziko chini, kwenye 500 hivi, ikifika huko juu imeshapungua sana. Sasa pale palipo wazi ndipo mwimbaji anapopita. Tena sikio la binadamu lina ukali zaidi sehemu hiyohiyo, na spika ndogo ya simu, ambayo besi haiiwezi kabisa, sehemu hiyo inaitoa vizuri. Ndo maana ukisikiliza opera kwa kisimu besi na chelo zinapotea lakini mwimbaji yuko palepale. Ukitaka okestra nayo, vaa hedifoni.

Jambo jingine ni volyumu. Muziki tuliozoea redioni umebanwa, pa chini na pa juu pamekaribiana, lakini huku pa chini ni chini kweli, utadhani mtandao umekatika. Usikimbilie kuongeza, kwa sababu dakika inayofuata zitakuja tarumbeta na nyumba nzima itaamka. Ninachofanya mimi ni kusubiri yale makofi kondakta, yule anayeongoza okestra, anapoingia, napanga volyumu hapo, makofi yasiwe ya kuumiza sikio, kisha siigusi tena. Na kwenye matamasha ingia mapema usikie wanavyotyuni: obo, aina ya zumari, inatoa noti moja, A, wengine wote wanaifuata. Sisi kwenye taarab fidla huifuata kanuni, kile chombo cha nyuzi, au akodioni, na mwanafunzi wangu akisikia obo ikifanya kazi ileile nataka ajiulize kwa nini wamechagua chombo kile.

Opera ya kuanzia nawaambia Aida ya Verdi, mtunzi wa Italia. Kuna wanaosema hii si yetu, ni ya kizungu, basi mwenye kusema hivo ajue kwamba Aida ilipigwa mara ya kwanza duniani Cairo, tarehe 24 Disemba 1871, kwenye jumba la opera la Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Ilitakiwa itoke mapema lakini mapambo na nguo za jukwaani zilikwama Paris, mji umezingirwa na majeshi ya Prussia. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, ni mtumwa Misri, na anapendana na Radames, jemadari anayetumwa kwenda kuwapiga watu wa kwao. Amneris, binti wa mfalme wa Misri, naye anamtaka huyohuyo Radames. Ukishajua hayo matatu huhitaji Kitaliano, na mtangazaji mwenyewe hukusimulia kisa kabla ya kila sehemu.

Sikilizeni vitu vitatu. Cha kwanza kinakuja mapema mno, dakika chache tu opera imeanza, Radames anaimba "Celeste Aida" na noti ya mwisho ni B flat ya juu ambayo Verdi ameandika iimbwe kwa sauti ndogo, ikififia. Ni ngumu kupita kiasi kwa tenori, mwanaume wa sauti ya juu, ambaye koo halijapata moto, kwa hivyo wengi wanaimaliza kwa nguvu, na ukumbi unapiga makofi vilevile. Mimi niko na Verdi. Tenori anayeishusha namheshimu hata ikikwaruza kidogo.

Cha pili ni tarumbeta ndefu za gwaride la ushindi, sehemu ya pili. Ziko makundi mawili, moja limetengenezwa kwa A flat, jingine kwa B. Kundi la kwanza linapiga wimbo, halafu bila kuonywa kundi la pili linauchukua uleule kutokea juu zaidi, na hapo mwili unasisimka. Ukiangalia jukwaani macho yako kwa askari na hili linakupita.

Cha tatu ni mwanzo wa sehemu ya tatu, usiku kando ya Nile. Fidla za kwanza zimebanwa zitoe sauti ndogo na zinarukaruka kwenye noti moja tu, G, ya chini na ya juu, na filimbi inaingia juu yake. Noti moja! Nimewapigia wanafunzi hapo mara nyingi, maana kila mmoja anataka kuonyesha vidole.

Na kuhusu urefu, wazee wetu wa taarab walikuwa watu wa santuri za Misri na redio, na Umm Kulthum alikuwa akisikika kutoka Cairo Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, wimbo mmoja unaweza kumaliza saa nzima. Hakuna aliyeulizwa anavumilia vipi. Kukaa na muziki mrefu ni tabia tuliyokuwa nayo pwani, tumeiacha tulipoanza kupewa vipande vya dakika tatu huku tunapika na kufua.

Opera itakwisha saa sita usiku au zaidi. Anayeamka alfajiri kwenda kazini asijilazimishe, France Musique inaacha matamasha yake kwenye tovuti, Jumapili mchana ukae nayo ukiwa umepumzika.