Je, wajua? Yeremia 29:11 ni sehemu ya barua kwa watu walioambiwa hawatarudi nyumbani upesi

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Huu ni mstari wa watu walio njia panda. Hapa Uganda utaukuta kwenye kadi ya mahafali, kwenye hotuba ya kumuaga mwalimu anayestaafu, kwenye status ya WhatsApp ya kijana aliyepigwa kalamu kazini. Wengi wanaujua kwa moyo. Waliosoma mistari kumi inayoutangulia ni wachache, na humo ndimo lilimo jibu la swali linalowatatiza hata wasio watu wa dini: kwa nini mtu akifiwa, akihama, akiachika au akipoteza kazi, mkono wake huenda kwenye Maandiko kabla ya kwenda kwenye kitabu kingine chochote?

Jibu fupi ni kwamba sehemu kubwa ya Maandiko hayo iliandikwa, au ilikusanywa, na watu ambao maisha yao wenyewe yalikuwa yamepinduliwa. Msomaji aliyepotewa na dira anakutana humo na wenzake. Jibu refu linahitaji turudi Babeli.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, jeshi la Nebukadreza mfalme wa Babeli liliuzingira Yerusalemu na mji ukasalimu amri. Mfalme Yekonia, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ametawala miezi mitatu tu, alichukuliwa yeye na mama yake, wakuu wake, mafundi na wafua chuma. Mji wenyewe haukubomolewa mpaka miaka kama kumi baadaye. Kwa hiyo waliochukuliwa walikuwa na sababu ya kudhani kwamba hii ni safari ya muda: nyumba zao zilikuwa bado zimesimama, hekalu lipo, ndugu wapo. Ni suala la kuvumilia kidogo tu.

Nabii Yeremia alikuwa amebaki Yerusalemu, akawaandikia barua. Waliibeba Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe ambao Sedekia, mfalme aliyewekwa mahali pa Yekonia, alikuwa akiwatuma Babeli kwa Nebukadreza. Maneno yake ya kwanza baada ya salamu, katika mstari wa 5, ni haya: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Kisha waoe, waozeshe watoto, waongezeke huko wala wasipungue. Wautakie amani mji uleule uliowateka na kuuombea, kwa sababu "katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Ndipo unakuja mstari wa 10, ambao sijawahi kuuona kwenye kadi yoyote ya mahafali: Mungu atawarudisha, lakini Babeli itimiziwe kwanza miaka sabini.

Miaka sabini! Mtu wa miaka thelathini aliyesomewa barua ile alijua hapohapo kwamba atazikwa ugenini. Tumaini la mstari wa 11 lilikuwa lake kama sehemu ya jamii nzima, ila wa kuliona kwa macho walikuwa wajukuu. Tukiunyofoa mstari huo na kuubandika juu ya maombi ya visa au ya kupandishwa cheo mwezi ujao, tunaufanya useme jambo ambalo Yeremia alilikana waziwazi.

Na kweli alilikana, maana palikuwa na mwenzake aliyelihubiri. Sura ya 28 inamtaja Hanania wa Gibeoni, nabii aliyesimama hekaluni mbele ya watu na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili Yekonia na mateka wote watakuwa wamerudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya utumwa ule. Hanania akaitwaa na kuivunja. Kinachonivutia kuliko yote ni jibu la kwanza la Yeremia: alisema "Amina," Bwana na atende hivyo. Hakufurahia kuwa mleta habari mbaya. Naye angetaka iwe miaka miwili. Baadaye ndipo akarudi na ujumbe kwamba nira ya mti imevunjwa, na mahali pake patakuwa na nira ya chuma. Hanania akafa mwaka uleule. Huko Babeli nako barua iliwaudhi watu: mmoja wao, Shemaya, aliandika Yerusalemu akitaka kujua kwa nini Yeremia hajakemewa na kufungwa.

Sasa soma barua hiyohiyo ukiwa Nakivale.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, na yamekuwa yakipokea watu tangu Watutsi walipoikimbia Rwanda zama za kuelekea uhuru. Leo wakazi wengi ni Wakongomani, na Kiswahili ndicho wanachouzia nyanya, wanachogombania foleni ya maji na wanachoombea Jumapili. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Tena, tofauti na nchi nyingi, makazi yake yamezoea kumpa mgeni kipande cha ardhi ajenge na kulima, ingawa vipande hivyo vinazidi kupungua kadiri watu wanavyoongezeka.

Mchukue mama aliyefika kutoka Kivu na watoto na sufuria. Amepewa kipande chake, na swali lililo mbele yake ni apande nini. Maharage yanaiva kwa miezi mitatu hivi. Ukisikia kwenu kumetulia unavuna, unafunga mzigo. Mgomba unataka mwaka na zaidi kabla ya mkungu wa kwanza, na shamba la migomba linamtumikia mtu kwa miaka. Anayepanda maharage peke yake bado begi lake liko mlangoni. Anayechimba shimo la mgomba amekubali jambo gumu, na huenda akalia siku anayolichimba. Mchungaji akimsomea mama huyo mstari wa 11 bila mstari wa 5, amempa matumaini ya Hanania. Akimsomea yote, amempa kazi ya kufanya kesho asubuhi na ruhusa ya kuifanya bila kujiona amewasaliti waliobaki nyumbani. Huo ndio mwongozo ambao watu huutafuta wanaposema wanataka neno: mara nyingi wanajua la kufanya, ila hawajapata wa kuwaambia kwamba kulifanya si kukata tamaa.

Ankole, eneo ilimo Nakivale, lina historia ndefu ya kupokea watu waliokimbia kwa ajili ya dini. Mwaka 1888, Wakristo wa Buganda waliposhindwa katika vurugu za kugombea madaraka Mengo, makao ya Kabaka (mfalme wa Buganda), walikimbilia Kabula, upande wa Ankole, chini ya hifadhi ya Ntare, Mugabe (yaani mfalme) wa Ankole. Hao ndio waliokuwa wakiitwa wasomaji, kwa kuwa kuingia dini siku zile kulikwenda sambamba na kujifunza kusoma. Na Kiswahili kilikuwa kazini tangu mwanzo: Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa shule ya wamisionari Zanzibar, aliachwa na mvumbuzi Stanley katika ikulu ya Muteesa mwaka 1875 ili amsomee Kabaka Maandiko. Mmisionari Alexander Mackay naye alifundisha kwa vitabu vya Kiswahili kabla Injili haijachapwa kwa Kiganda. Wasomaji hao waliokimbilia Kabula walikuwa na dini ya miaka michache, wenzao zaidi ya arobaini walikuwa wameuawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na sasa hawakuwa na nchi. Hata hivyo imani haikusambaratika. Kurasa zilibebeka, na wa kuzisoma walikuwa wenyewe.

Turudi kwa waliopelekwa Babeli. Je, walimtii Yeremia? Udongo unasema ndiyo. Wachimbaji wa Kijerumani walipofukua Babeli mwanzoni mwa karne ya 20, walipata katika jumba la mfalme vibao vya udongo vyenye hesabu za ghala. Vilipochapishwa mwaka 1939, humo mlikuwa na jina la Yekonia mfalme wa Yuda na wanawe watano, wakipokea mgao wa mafuta. Mfalme amekuwa mtu wa kuandikwa kwenye daftari la mgao. Sidhani Nakivale kuna mtu atakayehitaji kufafanuliwa hilo. Vipo pia vibao vingine, vilivyotokea kwenye biashara ya mambo ya kale bila kuchimbwa na wataalamu, vya kati ya mwaka 572 na 477 kabla ya Kristo. Vinatoka sehemu iliyoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, huko huko Babeli. Ni mikataba: mashamba, kodi, mikopo ya shayiri, tende, kugawana urithi. Watu wenye majina ya Kiyahudi wamejenga, wamepanda, wameozesha.

Lakini wengine hawakuweza, au hawakutaka, angalau kwa muda. Nao wamo. Zaburi ya 137 inaketi kando ya mito ya Babeli na kugoma: "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?" Inaishia kwa laana kali kiasi kwamba makanisa mengi hukatisha kusoma kabla ya kufika mwisho. Zaburi ya 13 inauliza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 haina hata mstari wa kufariji mwishoni, inafungia gizani. Karibu theluthi ya Zaburi 150 ni maombolezo ya namna hii, na nadhani hapa ndipo mahubiri yetu mengi yanapowapunja watu. Mjane wa wiki mbili hupewa shangwe wakati kitabu chenyewe kimemwekea kilio.

Kwa Waislamu, ambao walifika Buganda tangu 1844, enzi za Kabaka Ssuuna, jambo hili lina sura yake. Huko Bombo au Arua, mtu aliyekwama anaweza kuambiwa asome Surat Adh-Dhuhaa, ambayo kwa maelezo ya wafasiri iliteremka Makka baada ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, kusita kwa muda na wapinzani kumcheka Mtume kwamba Mola wake amemtupa. Sura inamwambia hakuachwa wala hakuchukiwa. Kisha inamkumbusha alikotoka: alikuwa yatima akapewa makazi. Halafu inamgeuza kwa wengine: basi yatima usimwonee, na mwombaji usimkaripie. Maliwazo na kazi vimekuja pamoja, kama kwenye ile barua.

Kuna desturi moja ambayo siwezi kuipita: kufumba macho, kufungua kitabu popote na kuweka kidole. Wanaoifanya hupenda kumtaja Augustino, aliyekuwa katika bustani Milano mwaka 386, akasikia sauti ya mtoto ikisema twaa, usome, akafungua Warumi 13 na maisha yake yakageuka. Ni kweli alisimulia hivyo. Ila wakati huo alikuwa amemsikiliza Askofu Ambrose akihubiri kwa takriban miaka miwili, na nyaraka za Paulo alikuwa tayari anazisoma. Kidole kilitua kwenye kitabu alichokwisha kukizoea. Kwa asiyekizoea, ningeshauri njia ya polepole: chukua mstari ulioutumiwa na rafiki, utafute, usome sura nzima, kisha uulize nani anaandika, kwa nani, na kumetokea nini. Yeremia 28 na 29 kwa pamoja hazikumalizii hata nusu saa.

Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo na kuwaruhusu waliohamishwa kurudi. Kitabu cha Ezra kinahesabu waliorejea kuwa 42,360, mbali na watumishi wao 7,337. Wengi hawakuondoka. Walikuwa na nyumba na mashamba, na jamii hiyo ya Wayahudi wa Babeli ndiyo iliyokuja kutoa Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi. Wazao wake walikuwa bado Iraki mpaka 1950 na 1951, zaidi ya 100,000 walipohamia Israeli. Nakivale nako wapo vijana waliozaliwa palepale, wanaoijua Kongo kwa masimulizi ya bibi tu. Amani ikipatikana Kivu na malori ya kurudisha watu yakaletwa, familia moja itakuwa na wa kupanda na wa kubaki, na barua ya Yeremia haimlaumu yeyote kati yao.