CLEP ya kompyuta: uliza kwanza, lipa baadaye

Kila usajili ukikaribia malalamiko ni yale yale, kwa hiyo naandika hapa mara moja, hasa kwa wanafunzi wanaoongea Kiswahili hapa Marekani, Wakenya, Watanzania, ndugu zetu wa Kongo na Burundi, msome kabla hamjaja dirishani kwetu ofisi ya mitihani na risiti mkononi. CLEP ni mitihani ambayo ukifaulu unaweza kupewa krediti za chuo bila kukaa darasani. Mtu kafanya CLEP ya Information Systems, yaani mifumo ya habari, kapata 56, furaha tele, halafu anafungua ripoti yake ya digrii anakuta sharti la kompyuta, ile kozi ya kompyuta ambayo lazima uwe nayo ndipo uhitimu, bado halijatimia na zile krediti 3 zimetupwa kwenye kozi za hiari. Anasema chuo kimemwibia. Hakijamwibia.

Iko hivi. College Board, shirika la mitihani la Marekani, ndio wenye CLEP, kazi yao ni kutunga na kusahihisha. ACE, lile baraza la elimu ya juu, linapendekeza ukipata 50 kwenye ile skeli ya 20 mpaka 80 upewe krediti 3. Linapendekeza tu, haliamrishi mtu. Chuo kinaweza kukubali hiyo 50, kinaweza kutaka zaidi, kinaweza kukataa kabisa, na hata kikikubali bado kuna swali la pili ambalo watu hawaulizi, kwamba hizo krediti zinasimama badala ya kozi IPI. Kuna vyuo sharti la kompyuta maana yake ukae chini utumie Excel na Word mwenyewe, kuna vingine ni kozi ya mifumo ya habari kwenye biashara, na kama meja yako, yaani fani unayosomea, ni sayansi ya kompyuta usitegemee kabisa kwamba CLEP hii itakuondolea kozi ya kuprogramu. Kwa hiyo ukienda kwa advaiza, yule mshauri wako wa masomo, usimuulize "mnakubali CLEP?" maana atasema ndiyo na atakuwa hajadanganya. Muulize "CLEP ya Information Systems inasimama badala ya kozi yenye namba gani kwenye meja yangu, kwa katalogi (kitabu cha kozi na masharti) ya mwaka nilioingia?" na jibu liwe kwa imeili. Akikujibu kwa mdomo mshukuru, halafu mwandikie hivyo hivyo.

Mtihani wenyewe ni maswali kama 100 ya kuchagua jibu kwa dakika 90. Yanauliza mashine na vifaa vyake, mtandao, databezi, mfumo unavyojengwa hatua kwa hatua, usalama, faragha na mambo ya maadili. Hakuna mahali utaambiwa chapa barua uipange vizuri. Na jamani niseme wazi, cheti cha pakeji za kompyuta ulichochukua Nairobi au Arusha baada ya form four sio krediti za chuo, hata kiwe na mihuri mitatu, usikilete kwa rejistra, mtunza kumbukumbu za masomo, ukitegemea kitaingizwa. Kama idara yako ina mtihani wake wa ndani wa kurukia kozi, hapo ndipo zile pakeji zitakusaidia, uliza. Aliyefanya A-level ya Computer Science ya Cambridge yeye ni habari nyingine, alete matokeo yaangaliwe.

Njia ya pili ni DSST, mitihani mingine ya krediti kama CLEP, ile ya Computing and Information Technology, iko chini ya kampuni ya mitihani ya Prometric, hapo alama inayopendekezwa ni 400 na krediti ni 3 vile vile. Kwamba chuo kinakubali CLEP haimaanishi kinakubali DSST. Mlioko jeshini na mnaostahili, DANTES, mpango wa elimu wa jeshi la Marekani, inawalipia ada ya mtihani kwa jaribio la kwanza kwa zote mbili, hiyo msiitoe mfukoni.

Sasa taratibu, na hapa naomba umakini maana ndipo watu wanapoumia. Ada ya mtihani unailipa College Board, halafu kituo nacho kinadai ada yake pembeni, hizo ni hela mbili tofauti. Shirika la Modern States wana kozi ya bure mtandaoni, ukiimaliza wanakupa vocha ya ada ya mtihani, lakini ichukue KABLA hujalipa. Jina ulilojiandikishia lifanane na la kitambulisho, na kitambulisho kiwe cha serikali, kina picha na sahihi yako. Najua majina yetu yamegeuzwa geuzwa kwenye makaratasi ya uhamiaji, la baba limewekwa mwanzo, la ukoo halipo, lakini msimamizi hana muda wa hiyo historia, atakurudisha nyumbani na ada imekwenda. Andika lilivyo kwenye kitambulisho, basi. Simu usiingie nayo, hata ikiwa imezimwa. Ukifanyia nyumbani unakaa chumbani peke yako, unaonyesha chumba kizima kwa kamera, na Chromebook haikubaliki, wala tableti, wala simu.

Ukifeli unasubiri miezi mitatu kurudia mtihani ule ule. Ukijaribu kupenya kabla ya hapo alama inafutwa na hela hurudishiwi. Ukikamatwa na majibu au ukawapigia wenzio picha maswali, alama zinafutwa na huenda usiruhusiwe kufanya tena, na upande wa chuo nako kuna nidhamu yake, hilo sitaki kulirefusha.

Wenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, sikilizeni. Krediti za mtihani hazihesabiki kwenye zile 12 za kila muhula. Ukiacha darasa kwa sababu "nitafanya CLEP" ukabaki na 9 bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, hadhi yako iko hatarini, na mimi wa ofisi ya mitihani siwezi kukurekebishia. Pell Grant, ule msaada wa masomo wa serikali, nayo inaangalia kozi ulizojisajili, sio mitihani. Na krediti hizi kwa kawaida haziji na gredi, kwa hiyo GPA, wastani wa gredi zako, iliyolala haitainuka kwa CLEP, nimeulizwa sana hilo.

Matokeo unayaona pale pale kwenye skrini ila hayo sio rasmi, na skrinshoti hatupokei. Wakati wa kujiandikisha unachagua chuo kitakachotumiwa alama bure, watu wengi wanaruka hapo halafu baadaye wanalipa dola 20 kwa transkripti, yaani karatasi rasmi ya alama. Alama zinatunzwa miaka 20, hivyo hata uliyeifanya zamani ukaacha masomo bado unaweza kuiagiza. Ila kama unahitimu muhula huu, alama zifike kwa rejistra kabla ya tarehe ya mwisho aliyoitangaza. Kusema "nimeshafaulu, iko njiani" hakutimizi sharti, na jina lako litasogezwa muhula unaofuata.