Je, wajua kwa nini kanisa hili la St Petersburg limeingia ndani ya mfereji?

Ukifuata Mfereji wa Griboedov, mjini St Petersburg, Urusi, ukitokea barabara ya Nevsky, mbele yako utaona kanisa lenye makuba ya rangi tele, maarufu kama Mwokozi wa Damu Iliyomwagika. Halikukaa kando ya maji kama majengo mengine. Limetokeza mita kadhaa ndani ya mfereji, na mfereji wenyewe umebanwa. Kwani ardhi kavu ilikosekana?

Haikukosekana. Tarehe 1 Machi 1881 (13 Machi kwa kalenda ya leo), Kaisari Alexander II alikuwa akipita hapo kwa gari la farasi. Bomu la kwanza liliharibu gari, yeye akasalimika. Badala ya kuondoka upesi, akashuka. Bomu la pili likamlipukia miguuni, na siku hiyohiyo akafariki. Mwanawe, Alexander III, akataka lijengwe kanisa, na pale damu ilipomwagika pawe ndani ya kuta zake.

Hapo ndipo penye ugumu. Pahali penyewe palikuwa ukingoni kabisa, kando ya uzio wa mfereji. Isitoshe, madhabahu ya kanisa la Kiorthodoksi huwa mashariki, hayageuzwi ovyo, kama msikiti usivyoacha kibla. Upande wa maji ukawa magharibi, ambako kwa desturi huwa na mlango mkuu. Msanifu Alfred Parland akausogeza ukingo majini, akasimamisha mnara wa kengele juu ya pahali pale, na milango akaiweka ubavuni mwa mnara, mmoja kila upande.

Msingi nao ulitaka akili. Mji huu uko juu ya kinamasi, na mafundi walizoea kupigilia nguzo za mbao ardhini. Hapa walimwaga zege chini ya jengo zima, wakaweka na udongo wa mfinyanzi kuzuia maji ya mfereji yasipenye. Ujenzi ulianza 1883 ukaisha 1907. Kuba refu kuliko yote lina mita 81, ukumbusho wa mwaka 1881.

Ukiingia, nenda upande wa magharibi, chini ya mnara. Kuna kibanda cha mawe ya thamani chenye nguzo nne. Chungulia ndani: si kaburi, maana Kaisari alizikwa kwingine. Ni mawe yaleyale ya barabara, pamoja na kipande cha uzio wa mfereji.