Asilimia 12 za Mama Mbona Hazihesabiki?

Swali: Mama yangu, wa Langoni hapa Lamu, amepimwa mapafu kwa spirometria, kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Kabla ya dawa, pumzi aliyoitoa sekunde ya kwanza ilikuwa lita 0.90, baada ya inhela, 1.01. Kaka yangu, mvuvi, alitoka 2.40 akafika 2.78. Yeye kaambiwa dawa imemfungua, mama kaambiwa hakuna badiliko la maana. Kaka kaongeza karibu asilimia 16, lakini mama naye kafikisha 12; kwani hazitoshi?

Jibu: Asilimia peke yake hudanganya, hasa kwa mwenye pumzi ndogo. Mama kaongeza mililita 110 tu. Mtu huyohuyo akipuliza mara mbili bila dawa yoyote, majibu yake bora mawili yanaweza kupishana hadi mililita 150, na kipimo kikakubaliwa. Sasa hizo 110 ni za dawa, au mara ya pili mama alijaza kifua vizuri zaidi? Huwezi kujua. Ndiyo maana mwongozo wa 2005 wa madaktari wa mapafu wa Marekani na Ulaya ulitaka vyote viwili: asilimia 12 na mililita 200.

Mwongozo wao wa 2021 ulibadili hesabu, na kwa maoni yangu ni ya haki zaidi. Ongezeko hulinganishwa na pumzi inayotarajiwa kwa umri, kimo na jinsia, nalo lazima lipite asilimia 10. Tuseme mama alitarajiwa lita 1.80: 110 ni asilimia 6. Kaka, tuseme 3.60: 380 ni kama asilimia 10.6. Kapita kwa chupuchupu.

Swali: Basi mama aache inhela?

Jibu: Hata kidogo! Kipimo kimeonyesha njia za hewa zilifunguka kiasi gani siku ile tu. Mapafu yaliyokula moshi wa kuni miaka mingi huenda yasisogeze namba, na bado mama akapanda ngazi za nyumba bila kusimama katikati. Hata pumu haifutwi na kipimo kimoja.

Swali: Nini huharibu majibu?

Jibu: Kuvuta inhela asubuhi ya kipimo, ya kutuliza haraka huachwa kwa muda wa angalau saa 4 kabla ya kipimo, zinazofanya kazi muda mrefu huachwa zaidi ya hapo, uliza kliniki. Pia haraka: inatakiwa mipulizo minne ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mmojammoja kupitia spesa, ile chupa inayounganishwa na inhela, kisha kungoja dakika 15. Lakini anayetoka Faza kwa boti, kifua kikimbana njiani, avute dawa yake. Akifika aseme, apangiwe siku nyingine.