Bonasi ya kuzaa haileti watu

Hapa Malindi Kitaliano kinasikika hadi sokoni, kwa hiyo watu wakijua kazi yangu ni hesabu za watu huniuliza, mbona kule Italia wanapungua na serikali inawalipa wazae? Swali zuri sana. Mwaka 1964 kule walizaliwa watoto zaidi ya milioni moja, 2023 hawakufika 380,000.

Na si kwamba wamekaa tu. Mtawala wao Mussolini mwaka 1927 aliwatoza kodi makapera, uzazi ukaendelea kushuka. Juzi juzi 2015 ikaja bonasi ya mtoto, 2022 posho ya kila mwezi, bado. Manake mara nyingi bonasi inawahisha tu, yule aliyepanga kuzaa baadaye anazaa sasa, halafu baadaye pengo linarudi. Na kuna hili watu hawalioni kabisa, wanaozaa leo walizaliwa wakati watoto wameshaanza kuwa wachache, yaani akina mama wenyewe ni wachache, hata wakizaa zaidi kidogo jumla bado inaweza kushuka.

Vijiji navyo vinahangaika kivyao, Sambuca kule Sicilia mwaka 2019 walitangaza nyumba kwa yuro moja. Wanunuzi wengi wageni. Nyumba zinapona, sawa, ila mtu wa kuja likizo hajazi darasa la kwanza.

Kinachoniumiza mie ni Romania. Mwaka 1966 mtawala wao Ceaușescu alipiga marufuku kutoa mimba, na dawa za kupanga uzazi zikawa adimu, 1967 watoto waliozaliwa wakakaribia kuwa mara mbili, kila mtu akaona imefaulu, kumbe baada ya hapo idadi ikaanza kushuka tena huku wanawake wakitoa mimba kwa siri, wakifa, na vituo vya watoto walioachwa vikijaa hadi alipopinduliwa 1989. Mwili wa mwanamke si kiwanda cha serikali, hilo silegezi.

Na sisi tusijione tuko mbali. Kenya mwishoni mwa miaka ya 70 mama alizaa wastani wa watoto 8, utafiti wa 2022 ukapata 3.4. Kwangu hiyo ni heri, mama anachagua. Ila yule dada wa hoteli anayeingia shifti ya usiku ukimuuliza kwa nini ameishia mtoto mmoja hatakutajia bonasi, atakuuliza mtoto atalala na nani na kandarasi yake inaisha lini, na serikali ikitaka azae zaidi ianze na hayo mawili.