Je, wajua ni kwa nini nyimbo za kale za Uskoti zilikutwa kwa mama mmoja wa Aberdeen?

Mwaka 1953 mtafiti Hamish Henderson alibisha hodi kwenye nyumba moja mjini Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Alikuwa akiwasaka waimbaji wa nyimbo za kale, na sifa za mwenye nyumba, Jeannie Robertson, zilikuwa zimemfikia. Inasimuliwa kwamba mama huyo hakuwa na hamu ya kumkaribisha. Henderson akamwomba wimbo wa vita vya Harlaw, vilivyopiganwa mwaka 1411 huko huko Aberdeenshire, naye akauimba. Zaidi ya miaka 500 baada ya vita, kisa chake kilikuwa bado kinaimbwa.

Wimbo wa namna hiyo ulimfikiaje?

Jeannie alizaliwa mwaka 1908 katika jamii ya Wasafiri wa Uskoti, watu ambao kwa vizazi vingi walihamahama na mahema yao. Walitengeneza na kukarabati vyombo vya bati, wakafanya biashara ya farasi, wakatafuta lulu kwenye kome wa mitoni, na kiangazi wakachuma matunda kwenye mashamba ya Blairgowrie. Wenye makazi ya kudumu waliwahitaji kwa kazi na huku wakiwadharau. Jioni palikuwa na moto, na kando ya moto palikuwa na hadithi, zumari za mfuko na nyimbo. Jeannie alizipokea nyingi kutoka kwa mama yake, Maria Stewart.

Wasomi nao walikuwa wamezitafuta zaidi kwenye karatasi. Profesa Francis James Child wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mkusanyo wa nyimbo 305 zinazosimulia visa kati ya 1882 na 1898, akitegemea hasa maandishi ya zamani, na wengi waliamini kwamba wanaoziimba wamebaki wachache mno. Kumbe kwa Wasafiri zilikuwa burudani ya kila siku. Henderson alisema kurekodi nyimbo kwenye mashamba ya Blairgowrie ni kama kukinga kopo chini ya maporomoko ya Niagara.

Sababu nyingine imo ndani ya nyimbo zenyewe, na mimi hapo ndipo ninapostaajabu zaidi. Chukua “Son David”, wimbo uliompa Jeannie jina kubwa. Mama anamuuliza mwanawe: damu hiyo kwenye upanga wako ni ya nani? Kijana anamtaja mnyama. Mama hakubali, anauliza tena. Anapata jibu jingine la kukwepa. Mwishowe kijana anakiri: ni damu ya ndugu yake. Kisha anasema atapanda mashua isiyo na kitako, aende asirudi. Kila swali linazaa jibu lake, na maneno mengi yanajirudia, kwa hiyo mwimbaji akishika ubeti mmoja ameshapata njia ya kuuingia unaofuata. Hata asiyejua kusoma angeweza kuubeba maisha yake yote.

Jeannie aliuimba polepole, bila ala yoyote, kwa sauti nzito yenye utulivu. Hakuigiza kilio. Alimwachia msikilizaji kile kimya kilichopo kati ya swali na jibu, na kimya hicho kinatisha kuliko upanga wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1953 alialikwa London, ambako Mmarekani Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za asili, alimrekodi. Zikafuata santuri na majukwaa, na vijana waliotaka kujifunza uimbaji wa zamani wakawa wanamwendea nyumbani. Mwaka 1968 alitunukiwa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, yeye mtoto wa watu waliozoea kufukuzwa pembezoni mwa vijiji. Alifariki Machi 1975.

Binti yake, Lizzie Higgins, aliyezaliwa mwaka 1929, alifanya kazi ya kupasua samaki na alikuwa mwimbaji hodari kama mama yake. Baba yake Lizzie, Donald Higgins, alikuwa mpiga zumari, na ukimsikiliza binti unasikia sauti ikipinda na kutetema kama zumari la baba. Rekodi za mama na binti zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika taasisi ya taaluma za Uskoti iliyoanzishwa mwaka 1951, ile aliyoifanyia kazi Henderson. Nyingine zimewekwa mtandaoni kwenye hazina iitwayo Tobar an Dualchais, na kuzisikiliza ni bure.